Nyumba Njema Si Mlango: Picha Zetu na Ukweli Wake

Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunaishi kwa picha. Mtoto akizaliwa Tanga, tunamwona kwanza pichani. Mzee akilazwa Mombasa, picha ndiyo inayotuonyesha kama amekonda. Posa hutanguliwa na picha, mazishi hufuatwa na picha, na wako miongoni mwetu waliojenga nyumba nzima, tangu msingi mpaka mabati, bila kukanyaga kiwanja, wakitazama picha tu. Zamani picha hizo zilikuwa chache, zikisafishwa studio na kuja ndani ya bahasha. Leo kila mtu ni mpiga picha, na kila mtu anaweza kukata, kung'arisha na kubadili rangi kwa kidole kimoja. Basi swali lililokuwa la magazeti na studio limekuwa letu sote: picha ikishapangwa vizuri na kutiwa rangi ya kupendeza, ni wakati gani inageuka kuwa uongo?

Wako wanaojibu upesi kwamba picha ya kweli ni ile iliyotoka kwenye kamera bila kuguswa. Sisi tuliosomea uhandisi jibu hilo linatushinda kulikubali, kwa sababu tunajua yanayotendeka ndani ya kamera. Kile kipande kinachopokea mwanga hakijui rangi. Kinapima tu kama mwanga ni mwingi au ni mchache. Katika kamera nyingi za dijitali, juu ya kila nukta huwekwa kichujio kidogo cha rangi moja: nusu ya nukta hupata kijani, robo nyekundu, na robo buluu. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Maana yake ni kwamba kila nukta imepima rangi moja kati ya tatu, na mbili zilizobaki kamera huzikisia kwa hesabu kutoka kwa nukta jirani. Theluthi mbili ya rangi za picha "isiyoguswa" ni makisio. Tena kabla ya hesabu hiyo kuna mtu aliyeamua asimame wapi na aelekeze lenzi upande gani. Picha ina kingo nne, na kila ukingo umeacha kitu nje.

Kwa hiyo kuuliza kama picha imeguswa hakutufikishi mbali. Tulinganishe mifano miwili. Mwezi wa Februari 1982, jarida la National Geographic lilitoa jalada lenye piramidi za Giza. Picha ya asili ilikuwa ya kulala, na jalada lilikuwa la kusimama. Basi piramidi zikasogezwa karibu kwa kompyuta ili zienee. Kilichobadilika ni kidogo sana, lakini wasomaji walikasirika, na jambo hilo linasimuliwa mpaka leo. Mfano wa pili ni wa kwetu. Katika miaka ya 1990, pale Likoni karibu na feri, wapiga picha wa vibandani walitundika mapazia yaliyochorwa ndege, meli na maghorofa. Mtu aliyekuja Mombasa kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ya rangi ya mafuta, akapigwa picha, akaipeleka nyumbani. Ndege ile ilikuwa uongo mtupu, lakini hakuna aliyedanganyika. Aliyepiga, aliyepigwa na aliyepelekewa wote walijua kwamba wanatazama matumaini.

Hapo ndipo tunapoona ulipo mpaka. Picha ni kama ahadi baina ya anayeonyesha na anayetazama. Msomaji wa jarida lile aliahidiwa piramidi zilivyo. Mama wa yule kijana wa Likoni aliahidiwa ukumbusho wa mwanawe, akaupata. Uongo hauanzi pale rangi inapobadilika. Unaanza pale mtazamaji anapoaminishwa jambo lisilokuwapo, kisha akalitegemea.

Turudi kwenye nyumba tunazojenga kwa mbali. Picha inafika: ukuta wa mbele umepakwa rangi ya maziwa, mlango ni wa mninga, mbingu ni buluu, na fundi amesimama pembeni anatabasamu. Kwa upangaji, picha hiyo haina kasoro. Lakini ukuta wa nyuma haujapigwa plasta, na chumba cha tatu hakina bati. Hakuna nukta hata moja iliyobadilishwa, na bado mwenye nyumba, aliyeko London au Muscat, amedanganywa, kwa sababu anatoa pesa ya awamu inayofuata kwa kuitegemea. Wazee walikwisha sema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ushauri wetu wa kiufundi ni mwepesi. Omba picha kutoka pembe zote nne za nyumba, na ndani ya kila chumba. Ufa upigwe na futi ya kupimia kando yake. Na nondo zipigwe kabla zege halijamwagwa, maana zikishafunikwa hakuna kamera itakayoziona.

Lakini tusiwanyooshee kidole walioko nyumbani pekee. Sisi nasi tunapeleka picha. Mtu anaegemea gari la jirani, anakata sare ya kazi ya usiku isionekane, anachagua siku moja ya jua kati ya siku thelathini za mvua. Mpwa wake kule Tanga anaitazama picha ile, anauza shamba la mnazi alilorithi, anamlipa wakala, anafunga safari. Picha ile imekuwa nauli yake na imekuwa deni lake.

Hapa msomaji atatupinga, na ana haki. Atasema, je, sitara si katika mila zetu? Mtu ataonyeshaje mama yake chumba cha baridi anachokaa na wenzake watano? Kumtia mzee simanzi kuna faida gani? Pingamizi hili ni zito, na hatutaki kulipita mbiombio. Tunaamini sitara ni jambo jema, na ukingo wa picha unaweza kuwa sitara kama lilivyo pazia la mlango. Lakini pazia linamwambia mgeni kwamba ndani kuna jambo la wenyewe, naye akaheshimu. Halimwambii kwamba ndani kuna makochi ya dhahabu. Mtu akipiga picha ya uso wake tu, akampelekea mama ajue kwamba yu hai na anacheka, amesitiri. Akiongeza gari lisilo lake, amefungua mlango wa nyumba isiyokuwapo, na siku moja mtu atataka kuingia.

Sasa tuseme kidogo kuhusu rangi, hasa rangi ya ngozi. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, wakaziita kadi za Shirley. Rangi ikimkaa Shirley vizuri, mashine imesawazika. Sisi wenye ngozi nyeusi tukatoka meno na macho tu. Lorna Roth, msomi wa Kanada, aliandika mwaka 2009 kwamba waliosaidia kuibadili hali hiyo ni watengenezaji wa samani na chokoleti, waliolalamika kwamba filamu haitofautishi rangi za mbao na za peremende zao. Tulihitaji kuombewa na chokoleti!

Kamera za dijitali zilirithi baadhi ya kasoro hizo. Kipimo cha mwanga cha kawaida huchukulia kwamba mandhari yote, kwa wastani, ni ya kijivu. Bibi mweusi aliyekaa mbele ya ukuta mweupe atatoka kama kivuli, kwa kuwa kamera imeona mweupe mwingi ikapunguza mwanga wote. Kuongeza mwanga hapo mpaka uso wake uonekane ni kumtendea haki. Bora zaidi ni kumkalisha kando ya dirisha, mbele ya kitu chenye rangi ya wastani, na kuzima taa ya manjano isichanganyike na mwanga wa mchana.

Lakini programu zile zile zinazomrudishia bibi uso wake ndizo zinazomchukua bi harusi wa maji ya kunde na kumtoa mweupe kama karatasi. Kidole ni kile kile, kitufe ni kile kile. Nia ndiyo inayotofautiana. Wa kwanza alisahihisha kosa la mashine. Wa pili amesahihisha kitu kisichokuwa kosa, na binti anapoitazama picha ile miaka ishirini baadaye atajifunza kwamba siku ya furaha yake ngozi yake ilionwa aibu. Kipimo chetu ni hiki: mtazamishe picha mtu anayemjua na kumpenda. Akisema "ndiye huyu", rangi ni sahihi. Akiuliza "nani huyu?", rudi ukaanze upya.

Wazee wetu walikuwa na desturi nzuri. Picha ikitoka studio waliigeuza, wakaandika nyuma kwa kalamu ya wino: jina, mahali, tarehe, na neno "ukumbusho". Picha ya dijitali haina mgongo wa kuandikia, lakini maneno yanaweza kufuatana nayo. "Nipo kazini, gari ni la jirani." "Ukuta wa mbele umekwisha, wa nyuma bado." Maneno machache kama hayo hayaharibu uzuri wa picha yoyote, nayo yatamtosha mpwa asiuze mnazi.