Kiatu Hekaluni: Imani na Utaifa Nchini Burma

Chama cha Vijana wa Kibudha kilichoasisiwa Rangoon mwaka 1906 kiliiga umbo la kile cha vijana Wakristo. Huenda msomaji akauona uigaji huo kuwa utumwa wa fikra. Sisi hatuuoni hivyo, kwani umbo lilelile lilitumiwa kumkabili mkoloni. Lenye utata ni suala la kiatu. Kuanzia 1916 wanachama walidai Wazungu wavue viatu katika maeneo ya mahekalu, na mwaka 1919 serikali ikawaachia watawa wakuu uamuzi. Dai lilikuwa la haki. Hata hivyo, heshima ya hekalu inapofanywa kipimo cha uzalendo, Mwislamu wa Rangoon, mtawaliwa vilevile, asimame upande gani wa kizingiti?