Huyu Mtoto Mmemtoa Wapi?



Hapa Rusizi, kati yetu wakimbizi, zipo familia zinazolea watoto wasio wa kabila lao. Wengine waliokotwa njiani tulipokimbia vita kule Kivu, wengine ni yatima wa majirani. Wazazi hao husikia mengi kwenye foleni ya maji: "Mmemtoa wapi? Pua hii si yenu." Wengine hunong'ona: "Mtoto wa nyoka ni nyoka, akikua atawageuka." Hata wanaosifu, "Mmekuwa na huruma sana," husema mbele ya mtoto mwenyewe, kana kwamba yeye ni mzigo na si mwana.

Basi tujiulize: je, damu ndiyo inayoamua mtu atakuwa nani?

Wapo waliojibu ndiyo, na matunda yake yanajulikana. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliwatenga machotara na mama zao Waafrika, kwa sababu ya rangi tu. Hapa Rwanda walikusanywa kwa masista kule Save, karibu na Butare. Kati ya 1959 na 1962, uhuru ulipokaribia, mamia walipelekwa Ubelgiji, na wengi waliingia katika familia za Wazungu. Huku walionekana weupe mno, kule weusi mno. Mwezi wa Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha bungeni. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwanyang'anya mama zao wasichana watano machotara wa Kongo kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Je, basi ni kosa kulea mtoto wa watu wengine? Hapana. Kosa lilikuwa kunyang'anya, na kumpima mtoto kwa ngozi. Anayemwokota mtoto porini hakunyang'anya mtu. Lakini anayemhukumu mtoto huyo kwa pua yake anafuata hesabu ileile ya wakoloni.

Mkumbuke Musa. Alinyonyeshwa na mama yake Mwebrania, akalelewa na binti Farao. Alipofika Midiani, wasichana walimwita Mmisri (Kutoka 2:19). Wao waliona sura ya nje, lakini Mungu alimwita kwa jina lake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Tusiulize asili ya mtoto mbele yake.

2. Wazazi wasimfiche ukweli. Jina alilokuja nalo litunzwe, na kama ana ndugu walio hai, watafutwe kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Kumpenda si kumfutia alikotoka.

3. Walio wa kabila lake wamfundishe lugha yake, bila kumwambia kwamba yuko ugenini nyumbani kwake.

Ezekieli 18 inatufundisha kwamba mwana hachukui uovu wa baba. Sembuse uovu wa kabila zima!

Mungu azibariki nyumba zenu na wote wanaolala ndani yake. Amina.