Kupe wa Milango Miwili

Wafaransa wana neno lao, coupé, maana yake kilichokatwa. Zamani lilikuwa jina la gari la farasi lililofupishwa kwa kuondolewa viti vya upande mmoja, na siku hizi ni gari la milango miwili lenye paa lililoinama kwa nyuma. Ukiliandika kwa matamshi yetu unapata kupe. Na kupe, ndugu wasomaji, sote tunamjua: mdudu wa kwenye sikio la ng'ombe, anenepaye kwa damu isiyo yake. Waliosoma Tanzania enzi za Ujamaa watakumbuka kwamba binadamu nao waliitwa hivyo.

Sisi tulifuga kupe huyo kwa miaka 15. Lilikuwa Peugeot 406 la mwaka 2002, injini ya dizeli ya lita 2.2, rangi ya samawati iliyokolea. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na ni wao hao walioliunda. Jina lao limeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Tulilinunua likiwa limetumika, mwaka 2008, na hatukuliweka chini ya turubai kama wafanyavyo wenye magari ya fahari. Lilikwenda kazini, sokoni, harusini na mazikoni. Asubuhi za baridi lilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi, lakini likishapata moto na kuingia barabara kuu ya kwenda Leicester lilitulia, likapanda vilima bila kubadilishwa gia, na kwa lita moja likatupa kilomita 15 hivi. Mama mkwe alipokuja kututembelea ilibidi kiti cha mbele kikunjwe, naye aingie nyuma kiubavu huku akimtaja Mola wake. Akishakaa huuliza: "Mwanangu, gari hili nani aliyelinyima milango?"

Je, ni kosa kupenda kitu kizuri hata kukitumia kila siku? Hatudhani. Mlango wa nyumba ya Lamu au Unguja ungeweza kuwa ubao mtupu na ukazuia mwizi vilevile, lakini wazee wetu waliuchonga maua na minyororo, wakaupita kila siku kwenda kununua samaki. Uzuri wa gari letu ulitugharimu sisi wenyewe: fedha zetu, muda wetu wa kutafuta maegesho mapana ya kuweza kufungua milango mirefu ile, na magoti ya mama mkwe. (Kweli, magoti hayakuwa yetu.)

Lililotusumbua ni dizeli. Tangu Machi 2001 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya magari mapya kwa kuangalia hewa ukaa yanayotoa. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli kwa safari ile ile, kwa hiyo kodi ilikuwa nafuu, watu wakaikimbilia, na kufikia mwaka 2011 karibu nusu ya magari mapya nchini yalikuwa ya dizeli. Nasi tulijihesabu miongoni mwa watu wema. Kumbe moshi una mengine: oksidi za nitrojeni, na masizi membamba yanayoshuka hadi ndani ya mapafu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Februari 2013 Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyeishi Lewisham karibu na barabara ya South Circular, alifariki kwa pumu. Mama yake hakunyamaza, na Desemba 2020 uchunguzi wa pili wa kifo hicho uliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia.

Barabara ile tumeipita mara nyingi.

Kabla ya mwaka 2012 tunaweza kusema tulidanganyika pamoja na wengine. Tangu hapo hadi 2023 ni miaka 11, na katika miaka hiyo tulikuwa tunajua. Tulisema gari moja haliongezi kitu. Kupe mmoja naye haumwi ng'ombe.

Tarehe 29 Agosti 2023 London yote, pamoja na Croydon tunakoishi, iliingizwa katika eneo ambalo dizeli kuukuu hulipa pauni 12.50 kwa siku. Tulilipa wiki kadhaa, tukagundua jambo la ajabu: tukishalipa, dhamiri ilikuwa nyepesi, ingawa moshi ulikuwa ule ule. Mtoto aliyesimama kituo cha basi hakugawiwa hata senti. Hapa hatumsemi ndugu anayeondoka saa tisa usiku kwenda kufagia ofisi, ambaye gari lake bovu ndilo riziki yake. Yeye hakuwa na la kuchagua. Sisi tulichagua umbo.

Ndipo mpwa wetu wa Tanga akapiga simu. Usukani wa magari ya Uingereza uko kulia, kama unavyotakiwa kwetu, na Tanzania haiyakatazi magari makuukuu, huyatoza ushuru wa ziada tu. "Shikamoo mjomba. Hilo gari nipeni mimi." Tulimweleza habari ya moshi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nyinyi mmelipanda miaka kumi na mitano, mjomba. Sumu mmeiona leo, nilipoomba mimi?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatunalo kamili. Kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nchi za nje, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara jingine. Kumpelekea letu ilikuwa kusema mapafu ya mtoto wa Tanga ni ya bei ya chini. Kumnyima ilikuwa kumfundisha uadilifu kwa gharama yake, sisi tukiwa tumeshashiba.

Tulichukua pauni 2,000 zilizotolewa kwa wanaokubali magari yao yavunjwe. Siku ya kulipeleka liliwaka mara moja, bila kunguruma sana. Sehemu ya fedha tulimtumia mpwa wetu, akaongeza zake, akanunua bodaboda iliyotumika. Hatukumwuliza inatoa moshi kiasi gani.