Chunusi, Chakula na Dhima ya Mwenye Mwili

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanachuoni wa dini na matabibu tangu zamani ni hili: mtu akipatwa na ila mwilini mwake, je, yampasa kuitafuta sababu katika sahani yake, na akiiona, je, alaumiwe? Swali hili halina uchungu popote kama katika chunusi, maradhi yasiyoua, ambayo humwandama kijana wakati ule ule anapoanza kutazamwa. Binti aliyebalehe apitapo ukumbini asubuhi, mabaki ya liwa yangali kwenye paji la uso, hakosi shangazi wa kumwambia, “Mwanangu, punguza karanga,” wala hakosi jirani wa kunong’ona kwamba huyo hamu ya mume imemzidi; na hivyo, kabla hajanywa chai, amekwisha kuhukumiwa mara mbili, kwa tumbo lake na kwa nafsi yake.

Elimu ya tiba nayo imeyumba katika jambo hili. Mwaka 1969, huko Marekani, watu 65 walilishwa kwa zamu vipande vya chokoleti na vipande visivyo na kakao. Tofauti isipoonekana, ikaenea rai kwamba chakula hakina hatia, ingawa wakosoaji walibainisha baadaye kwamba vipande vya aina zote mbili vilikaribiana kwa sukari na mafuta. Kisha mwaka 2002 ikachapishwa habari ya kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, ambako watu 1,200 walikaguliwa, 300 kati yao wakiwa wa umri wa miaka 15 hadi 25, asionekane hata mmoja mwenye maradhi ya chunusi. Nao chakula chao kilikuwa magimbi, viazi vitamu, viazi vikuu, matunda, nazi na samaki, vitu ambavyo mtu wa Pemba au Lamu hahitaji kuelezwa. Mwaka 2007 watafiti wa Australia wakaonyesha kwamba vijana wa kiume walioshika kwa wiki 12 chakula kisichopandisha sukari ya damu kwa kasi walipungukiwa na vipele kuliko wenzao.

Sababu yake yafahamika kwa kiasi: sukari na unga uliokobolewa huingia damuni kwa haraka, mwili ukajibu kwa kumwaga insulini nyingi, nayo huchochea homoni zinazozidisha mafuta ya ngozi na kusaidia kuziba vitundu vyake. Walakini tezi zinazotoa mafuta hayo hutawaliwa pia na balehe na urithi wa wazazi, hata ndugu wawili wakala sinia moja miaka yote, mmoja akatoka na uso laini na mwingine na uso uliochachamaa. Basi anayeusoma uso wa mwenziwe kama daftari la madhambi amesema asilolijua, na kumsema mja wa Mungu kwa usilolijua ni dhulma.

Je, yafuata kwamba kila mtu ale apendavyo? Hasha. Mwili, kwa itikadi ya Waislamu na kwa fikra ya wengi wasiokuwa Waislamu, ni amana, na sheria ya amana yajulikana: aliyewekewa hadhamini kilichoharibika pasipo uzembe wake, ila huulizwa alivyokitunza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika Ihya, mkusanyo wake wa vitabu vya dini, kitabu kizima juu ya kuzivunja shahawa za tumbo na za tupu, akiliona tumbo kuwa chimbuko la matamanio mengine. Na wahenga wetu walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, wakizikataa ncha zote mbili. Tazama basi Ramadhani: mtu huizuia nafsi mchana kutwa, na adhana ya magharibi ikisha kusikika huzivamia kaimati zinazochuruzika shira, na tambi za sukari, na sharubati juu yake, hata alichokiacha mchana akakilipa maradufu usiku. Saumu yake ni sahihi, lakini hekima yake imempita. Na ulaji huo ukidumu mwaka mzima hukaribisha kisukari, presha na maradhi ya moyo, ambayo hayamtangazi mtu barazani mpaka yamekwisha kumshika.

Hapo ndipo niya inapopambanua. Anayepunguza sukari kwa ajili ya kioo peke yake ataiacha juhudi siku kioo kitakapomkanusha, na yamkini kitamkanusha, kwa kuwa sehemu ya jambo haimo mikononi mwake. Ama anayepunguza kwa kuwa ameaminiwa, huyo kazi yake haibatiliki hata vipele vikibaki, wala haoni haya kumwendea tabibu wa ngozi na kutaka dawa, maana kujitibu nako ni katika kuitunza amana, na aliyekwisha kufanya hayo mawili hana deni kwa yeyote amtazamaye.