Hesabu ya Juma: Mtoto ni Mwanafunzi wa Nani?



Liko swali moja ambalo wazazi wa pwani yetu, tangu Kunduchi hata Saadani, hutuuliza sisi walimu, ingawa kila mmoja huliuliza kwa maneno yake. Mmoja asema, "Mwalimu, mimi sikusoma, nitajuaje kama mwanangu anaendelea?" Mwingine asema, "Mwalimu, mtoto nimekupa. Kazi yako kumfundisha, kazi yangu kumlisha." Wa tatu, naye ni mtu aliyesoma, asema, "Ningepata nafasi ningemfundisha mwenyewe nyumbani, nikampima kila juma katika kila somo, nisingoje mpaka mwisho wa muhula." Maneno hayo matatu yaonekana mbalimbali, lakini shina lake ni moja: mtoto ni mwanafunzi wa nani? Na yule aliye mwalimu wake, atatoa hesabu gani, na kwa nani?

Mwaka 2020 swali hili liliingia katika kila nyumba bila kubisha hodi. Tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kuzifunga shule kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa tena mpaka tarehe 29 Juni. Ni karibu majuma 15. Masomo yalitangazwa kwa redio na runinga, lakini redio haimwoni mtoto asinziaye, wala runinga haijui kama aliyeketi mbele yake amefahamu. Basi mzazi, apende asipende, alifanywa kuwa mwalimu. Wako walioacha watoto wazurure ufukoni. Wako waliowatia katika kazi tangu alfajiri. Na wako waliojaribu kufundisha. Katika hao wa mwisho tulipata kuiona nyumba moja, katika kijiji kimoja kusini ya mji wa Bagamoyo, na yafaa tuieleze, kwa sababu mambo yaliyotokea humo yatatusaidia kufikiri.

Baba wa nyumba ile ni mvuvi, amemaliza darasa la 7. Mama hajui kusoma. Watoto walikuwa watatu: mvulana wa kidato cha kwanza, msichana wa darasa la 5, na mdogo wao wa darasa la 2. Baba alinunua daftari kubwa, akalipigia mistari, akaandika juu ya kila ukurasa majina ya masomo: Kusoma, Kuandika, Hesabu, Jiografia, Sayansi, Dini, Kazi za Mikono. Kila Jumamosi jioni, nyavu zikiisha kuanikwa, watoto waliitwa mmoja mmoja, na baba akaandika kila mtoto amefika wapi katika kila somo.

Masomo mengine yalikwenda vizuri kupita tulivyodhani. Mvulana aliambiwa aandike kila siku saa ya maji kujaa. Baada ya siku chache akaona kwamba maji huchelewa kila siku kwa karibu dakika 50, na baada ya juma la pili akajua ya kuwa bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huwa kati yake. Baba yake alijua jambo hilo tangu utoto, lakini hakupata kuliona limeandikwa kwa tarakimu. Hapo mwana alifundishwa na baba, na baba akafundishwa na mwana. Yule mdogo alijifunza kuhesabu kwa nazi, akajua ya kuwa nazi 20 ni korija moja, na korija 5 ni nazi 100. Katika sayansi waliweka maji ya bahari juani katika sahani, wakaona chumvi imebaki, wakafahamu kazi ifanyikayo katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu.

Lakini katika juma la sita palitokea neno. Yule msichana alileta hesabu 20 za kugawanya, na zote zilikuwa sahihi. Baba akafurahi, akaandika 20 katika daftari. Mama, asiyejua kusoma, hakusema kitu, akaenda uani, akaleta nazi 50, akazimwaga chini, akasema, "Mwanangu, hizi tuwagawie watu 6 sawasawa. Kila mtu apate ngapi, na zibaki ngapi?" Mtoto akazitazama nazi, akaanza kulia. Zile hesabu alizinakili katika daftari kuukuu la kaka yake.

Sasa tufikiri, wasomaji. Kosa hili ni la nani? Twaweza kusema upesi kwamba ni la mtoto, maana amesema uongo kwa kalamu, na uongo wa kalamu ni uongo kama ule wa kinywa. Ni kweli. Lakini mama alipomwuliza kwa upole, mtoto alisema kwamba Jumamosi iliyotangulia kaka yake alisifiwa mbele ya jirani kwa alama zake, naye hakuambiwa lolote. Hakutaka kujua kugawanya, alitaka kusifiwa. Kipimo kilichowekwa ili kuonyesha elimu kilikuwa kimegeuka kuwa zawadi, na penye zawadi mtoto huifuata zawadi, akaiacha elimu njiani.

Hapa ndipo penye hatari ya kila hesabu ya kila juma, iwe nyumbani au shuleni. Kipimo ni mtumishi mwema na bwana mbaya. Mwenye duka huweka pishi na vibaba ili amtendee haki mnunuzi. Lakini akianza kulipenda pishi kuliko haki, atalibonyeza kitako. Kadhalika mzazi akipenda alama kuliko mtoto, mtoto naye atajifunza kubonyeza kitako cha pishi. Na mtoto aliyejifunza hivyo akiwa na miaka 11, atakuwa karani wa namna gani akiwa na miaka 30?

Je, tuseme basi kwamba mtu asimpime mtoto kabisa? Wako wasemao hivyo. Hutuambia kwamba mpanda mihogo haifukui kila juma ili atazame kama imetia mizizi. Mfano huu ni mzuri, lakini haukufika mwisho. Ni kweli mkulima haifukui mihogo, lakini hapitishi juma bila kufika shambani. Hutazama majani, hutazama nyayo za nguruwe, hung'oa magugu. Akikaa nyumbani miezi kumi kwa kisingizio cha kwamba mihogo huota yenyewe, atavuna nini? Basi tusichanganye kufukua na kupalilia. Kumwuliza mtoto ili tumwaibishe au tumsifu mbele ya watu, huko ni kufukua. Kumwuliza ili tujue juma lijalo tumsaidie wapi, huko ni kupalilia.

Wazazi wale walifahamu hayo. Juma lililofuata baba aliziacha zile alama, akagawanya kila ukurasa pande mbili: upande mmoja, "Lililojulikana", upande wa pili, "Lililobaki." Chini ya jina la msichana aliandika, "Kugawanya kumebaki." Hakuandika "ameshindwa," maana neno hilo ni la hukumu, na neno "kumebaki" ni la kazi. Tena, kazi iliyobaki ni ya watu wawili, anayefundishwa na anayefundisha. Hata katika juma la tisa ikaandikwa upande wa kwanza. Ndiyo maana twasema, hesabu ya juma ni ya mwalimu kwanza, kisha ni ya mwanafunzi. Likibaki jambo lile lile majuma matatu, aulizwe kwanza aliyelifundisha amelifundishaje.

Tumtazame na yule mama. Wengi wamedhani ya kuwa asiyejua kusoma hawezi kumpima asomaye. Lakini mle nyumbani ni nani aliyeigundua kweli? Baba aliyesoma alitazama karatasi, na karatasi ikamdanganya. Mama aliutaka ufahamu wenyewe, na rundo la nazi halisemi uongo. Mzazi asiyesoma aweza kumwambia mtoto, "Nisomee," kisha, "Nieleze ulichosoma kwa maneno yako mwenyewe." Mtoto asiyefahamu hawezi kueleza. Jirani zetu Waislamu wana desturi njema katika vyuo vyao: mtoto huketi mbele ya mwalimu wake peke yake, akasoma, na mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. Kusikilizwa na mtu mmoja akutazamaye usoni ni jambo ambalo shule yenye watoto wengi katika darasa moja hailiwezi kila siku. Nyumba yaliweza.

Maandiko nayo yatushuhudia. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kazi ya kuwafundisha watoto amri za Mungu haikuwekwa juu ya makuhani peke yao, bali juu ya kila mzazi, katika maisha ya kila siku. Timotheo alipata imani yake kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wala hatusomi kwamba wanawake hao walikuwa na shahada yo yote. Wahenga wetu walisema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," na ulimwengu, kama mjuavyo, hutoza ada kubwa.

Pengine msomaji atauliza, "Ikiwa nyumba yaweza hayo yote, shule ya nini?" Katika nchi nyingine watu wamelijibu swali hili kwa namna mbalimbali. Huko Marekani kila jimbo lawaruhusu wazazi kuwafundisha watoto nyumbani. Huko Ujerumani sheria yamtaka mtoto aende shule. Kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mzazi amwandikishe mtoto wake shule ya msingi, nasi twaona ni haki, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba elimu ya nyumba ina ukuta wake. Yule mvulana wa kidato cha kwanza alifika mahali katika aljebra na Kiingereza ambapo baba yake hakuweza kumvusha. Daftari liliandika "Lililobaki" juma baada ya juma, wala mle nyumbani hapakuwa na mtu wa kuliondoa neno hilo. Baba alikiri bila haya, na kukiri huko kulikuwa somo kwa mwanawe.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, na sisi wa Bagamoyo hatuna ruhusa ya kuisahau. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868, shule waliyoianzisha haikuwa ya watoto wenye nyumba. Ilikuwa ya watoto waliokombolewa utumwani, wengi wao katika soko la Unguja, watoto walioibiwa kwa mama zao bara na kuletwa pwani kwa minyororo. Siku yao iligawanywa kati ya darasa, sala, shamba na kazi za ufundi, kwa kuwa misheni ilipaswa kuwa shule na nyumba pamoja. Tangu mwanzo wake, basi, shule katika mji wetu ilikuwa mlango kwa mtoto ambaye hakuwa na mlango mwingine. Hata leo wako watoto wasio na wazazi, au wenye mzazi akaaye baharini usiku na kulala mchana, au wenye nyumba isiyo na taa wala daftari. Kama kila mtu angejifundishia wa kwake, hao wangefundishwa na nani? Shule ni kisima cha kijiji. Mwenye mtungi mkubwa nyumbani asikifukie kisima kwa kuwa yeye ana maji.

Lakini kumbukumbu hiyo yatufundisha na upande wa pili. Watoto wale walipewa herufi, walipewa ufundi, walipewa imani, kitu kimoja ambacho hapana aliyeweza kuwarudishia ni mama wa kuwauliza jioni, "Leo umejifunza nini?" Wewe msomaji uliye na mwanao ndani ya nyumba, unacho kile walichonyang'anywa. Je, kukiacha kioze si sawa na kukitupa?

Twajibu, basi, lile swali letu. Mtoto ni mwanafunzi wa wawili, nyumba na shule, wala hapana awezaye kumwambia mwenziwe, "Hesabu yangu imekwisha." Shule itoe hesabu kwa mzazi, na mzazi atoe hesabu kwa shule, na wote wawili watatoa hesabu kwa Mungu aliyewakopesha mtoto.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kila nyumba ichague jioni moja katika juma, na kila mtoto asikilizwe peke yake, somo kwa somo, hata kwa nusu saa. Pili, yaandikwe yaliyojulikana na yaliyobaki. Na mzazi asiyejua kuandika amwandikishe mtoto mkubwa, au atie alama ya mkaa ukutani. Tatu, asilinganishwe mtoto na mwenziwe, bali alinganishwe na nafsi yake ya juma lililopita.

Wala tusidhani kwamba daftari litaandika yote. Siku yule msichana alipomwambia mama yake kweli, akilia mbele ya zile nazi, aliendelea hatua kubwa kuliko juma lo lote lingine, na hapakuwa na mstari wa kuliandika jambo hilo. Haba na haba hujaza kibaba. Nasi tuziangalie haba zote mbili, ile ihesabikayo na ile isiyohesabika. Mungu atujalie kuwa waangalizi waaminifu.