Uamiri ni Amana: Khabari ya Liwali Ali bin Uthman

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani mlioko Thika na Ruiru, tumeulizwa juu ya magomvi ya kuwania ukubwa misikitini. Nani awe mwenye kiti, nani ashike ufunguo wa sanduku, nani mwenyeji na nani wa kuja. Kabla ya kujibu twataka kuwarudisha Mombasa, maana wazee wetu waliyaonja haya kabla yetu, nao walikuwa wakigombea ngome na mizinga, si mikeka na sanduku.

Waomani waliitwaa Ngome ya Mombasa mikononi mwa Wareno mwaka 1698. Baadaye uliwali ukamfikia Muhammad bin Uthman Mazrui. Enzi ya Ya'ariba ilipoanguka Omani, uimamu ukashikwa na Ahmad bin Said Al Busaidi, ambaye zamani alikuwa liwali wa Suhar. Muhammad akakataa kumtii. Hoja yake ilikuwa kwamba huyu naye alikuwa liwali tu kama yeye. Ikiwa amejitwalia Omani, basi na yeye amejitwalia Mombasa. Itazameni hoja hiyo! Haikuuliza raia watatendewaje. Iliuliza nani aliye sawa na nani. Wakaja watu kutoka Omani wakajifanya wamemkimbia Imamu, Muhammad akawakaribisha, nao wakamwua mwaka 1746.

Nduguye, Ali bin Uthman, akafungwa humo humo ngomeni. Alitoroka, na kwa msaada wa watu wa mji, pamoja na Mwingereza mmoja mfanya biashara, akaitwaa tena ngome mwaka uliofuata. Kuta zile nene hazikumfaa Muhammad kitu, na mapenzi ya watu yakamrudisha Ali asiye na ukuta. Laiti angetosheka na hayo. Lakini katikati ya miaka ya 1750 aliiendea Unguja kwa jeshi, na hali ameifikia, akauawa; si na Mbusaidi, bali na jamaa yake wa damu, Khalaf bin Qadhib. Jeshi likarudi Mombasa mikono mitupu.

Wala mambo hayakuishia hapo. Liwali Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835, jamaa wakazozana juu ya kiti chake, na baadhi ya wenyeji wakamwelekea Sayyid Said. Mwaka 1837 akauingia mji ambao kwa miaka mingi ulimshinda, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa Bandar Abbas.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Anfal, aya ya 46, ametukataza kuzozana, akatueleza kuwa mwisho wake ni udhaifu na kupotewa na nguvu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza Abdurrahman bin Samura kuuomba uamiri. Maana apewaye kwa kuomba huachiwa mzigo peke yake, na apewaye bila ya kuomba husaidiwa. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na wengi wanaogombea viti wanaijua kwa moyo, jambo la ajabu kweli.

Basi jibu letu ni hili. Ufunguo apewe mwaminifu aliye hodari wa hesabu, wala hakuupigia mbio. Na hesabu isomwe mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, kila mwezi. Asiulizwe katoka Lamu au Mombasa. Na ikiwa mtu huyo ni Mkikuyu wa Ruiru aliyesilimu mwaka jana, apewe yeye.