Hekima ya Kijiweni

Ukitaka kumnyamazisha kijana anayelalamika, mwambie shida ndizo zinazomkomaza. Hana jibu. Akijibu, ataonekana kweli hajakomaa.

Neno hilo nimelisikia tena majuzi hapa Dodoma, kwa fundi aliyenichomelea fremu ya mtambo wangu wa kung'arishia mawe. Nilimpelekea mawe machache ya kwatzi aone kazi ya mikono yake. Akayageuzageuza, kisha akamwita saidia fundi wake, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ametukanwa mbele ya wateja. "Dogo, unayaona haya? Yaliokotwa korongoni. Yamegongana ndani ya mtambo mpaka yanang'aa. Na wewe vumilia." Kijana akasema, "Sawa, bosi," akarudi kwenye grainda yake.

Fundi si wa kwanza kuhubiri kwa mtambo huu. Steve Jobs wa Apple, kwenye mahojiano ya mwaka 1995, alisimulia jinsi mzee mmoja jirani yao alivyomwonyesha utotoni mota na kopo la kahawa vilivyounganishwa kwa mkanda, mawe yakaingia machafu na kutoka mazuri. Kwake hiyo ilikuwa picha ya watu wenye vipaji wanaobishana hadi wanang'arishana. Hadithi tamu. Ila hata humo, kabla ya kufunga kopo, mzee alitia unga wa msasa, na wanaoisimulia hadithi hii huupita unga huo haraka sana.

Mtambo wenyewe hauna maajabu. Wangu una mota ya feni ya meza, puli za kupunguza kasi, na vyuma viwili vilivyovalishwa mpira vinavyozunguka kwenye beringi. Juu yake kimelala kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, kimezibwa pande zote mbili, na ndani nimekibandika tyubu ili jirani alale. Mawe yajae kati ya nusu na robo tatu ya bomba, maji yakaribie kuyafunika. Mota ya wati 40 hula karibu uniti moja ya Luku kwa siku, kwa hiyo umeme si hoja. Kinachohitaji akili ni kasi. Kwa bomba la upana huo, mizunguko kama 60 kwa dakika inatosha: mawe hupanda kidogo, kisha huteleza kwa pamoja. Ukizidisha, yanapaa na kuanguka, na jiwe linaloanguka hupata ufa.

Kinacholisaga jiwe ni unga wa silikoni kabaidi, wenye ugumu wa zaidi ya 9 kwenye kipimo cha Mohs, wakati kwatzi ni 7. Mawe yakigongana bila huo unga, yanapigiana kelele tu. Na yasiwe mchanganyiko: ukiweka jiwe laini pamoja na kwatzi, laini ndilo litakalogeuka tope. Tanzanaiti yetu, pamoja na bei yake yote, hakuna sonara mwenye akili atakayeitia humo, maana hupasuka kirahisi ikigongwa. Hiyo hushikwa moja moja, kwa mkono.

Unga wa kwanza ni ule mkali, namba 60, wiki nzima au zaidi. Jiwe hutoka limepoteza pembe zake na sehemu ya uzito wake. Likiwa limelowa linadanganya, utadhani limeshaiva. Likikauka, limepauka. Ukiliacha kwenye namba 60 mwaka mzima, utapata jiwe dogo zaidi, na bado limepauka. Ili ling'ae lazima ulitoe, ulioshe, ulihamishie namba 220, kisha 500, kisha unga wa kumalizia. Kuosha ndiyo kazi inayonichosha: beseni, mswaki wa zamani, kila ufa unasuguliwa, kwa sababu chembe moja ya namba 60 ikibaki itachora mawe yote hatua ya mwisho. Tope la kijivu halimwagwi kwenye sinki. Huganda na kuziba bomba. Mimi nimelichimbia shimo nyuma ya nyumba.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sawa, lakini ulimwengu haubadilishi msasa. Haupimi kasi wala haumtoi mtu kumwosha. Na wanaosimama jukwaani kutuambia shida ziliwajenga ni wale waliotoka wazima. Waliogeuka tope hawaalikwi kuzungumza.

Nilimwambia fundi hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Akacheka. "Mzee, mimi nilipigwa spana ya kichwa, na leo nina karakana." Nikamuuliza alijifunza na akina nani. Akaanza kuhesabu kwa vidole: mmoja anaendesha bodaboda, mmoja alirudi kijijini, wengine hajui walikoishia.

Nikamuuliza pia ni lini dogo alipewa kazi ya kumalizia, geti la mteja tangu kuchomelea hadi rangi, badala ya kukata vyuma kutwa nzima. Akafikiri kidogo. "Nitampa. Ila akiharibu, namkata kwenye posho."

Nikamwambia amkate, lakini asimtukane mbele ya wateja.